Martin Johnson, mpigapicha aliyeifanya Marsabit maskani yake

NDANI ya msitu wa Mlima Marsabit, zaidi ya kilomita 500 kaskazini mwa Nairobi, kuna ziwa dogo lililo katika kasoko ya volkano iliyozimika kale. Ndovu hushuka kutoka kwenye kingo zake kwenda kunywa maji, na ukame unapokithiri ziwa lenyewe hukauka yakabaki matope na nyasi. Katika miaka ya 1920, juu ya ziwa hilo palisimama nyumba za magogo zilizoezekwa nyasi, bustani ya mboga, maghala ya chakula na chumba cha giza ambamo maelfu ya futi za filamu zilisafishwa usiku baada ya usiku.

Mwenye boma hilo alikuwa Mmarekani, Martin Johnson, na mkewe Osa. Ni wao waliolieneza duniani jina la Lake Paradise, na kwa miaka mingi mamilioni ya watu wa Marekani na Ulaya waliijua Afrika Mashariki jinsi Johnson alivyoiona kupitia tundu la kamera yake. Alichowaonyesha kilikuwa na ukweli mwingi. Kilikuwa pia na uongo, na ni vigumu kusimulia maisha yake bila kuvitaja vyote viwili.

Johnson alizaliwa Oktoba 9, 1884, katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, na kulelewa Kansas, katikati ya Marekani, mbali na bahari zote. Babake alikuwa sonara. Alipofungua duka katika mji wa Independence, aliuza pia vifaa vya kampuni ya Kodak, na hapo ndipo mwanawe alipojifunza kupiga na kusafisha picha. Masomo hayakumvutia. Inasimuliwa kwamba alifukuzwa shule ya upili baada ya kuunganisha picha za walimu wake ili waonekane wakibusiana. Kisa hicho kinachekesha, lakini kinadokeza pia kwamba kijana huyo alitambua mapema jinsi picha inavyoweza kuaminiwa hata pale inapodanganya.

Bahati yake ilikuja alipopata habari kwamba mwandishi mashuhuri Jack London alinuia kuizunguka dunia kwa merikebu ndogo iliyoitwa Snark. Johnson alimwandikia barua ndefu akiomba kazi yoyote. Alichukuliwa kuwa mpishi, ingawa ujuzi wake wa jikoni ulikuwa haba mno. Snark iling'oa nanga California mnamo Aprili 1907, ikapitia Hawaii, Tahiti, Samoa na hatimaye visiwa vya Solomon. Maradhi yaliwashambulia wasafiri, na safari ikakatizwa London alipolazwa hospitalini mjini Sydney, Australia. Miongoni mwa waliotoka na chombo California, ukiwaondoa London na mkewe, ni Johnson pekee aliyevumilia hadi mwisho.

Aliporejea Kansas alifungua ukumbi wa maonyesho akauita Snark, akawa anawaonyesha watu picha za safari hiyo huku akizisimulia. Mnamo Mei 15, 1910, alimwoa Osa Leighty, msichana wa mji jirani wa Chanute, aliyekuwa na umri wa miaka 16 tu. Walitoroka wakafunga ndoa bila ya kuwaaga wazazi. Kwa miaka saba iliyofuata walizunguka kumbi za Marekani na Canada, Martin akisimulia na Osa akiimba, wakidunduliza nauli ya kurudi baharini.

Nauli ilipatikana mwaka wa 1917. Walienda visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni taifa la Vanuatu, na katika kisiwa cha Malekula wakakutana na Nagapate, kiongozi wa jamii ya Big Nambas. Johnson alizoea kusimulia jinsi walivyoshikwa na kuponea chupuchupu meli ya Waingereza ilipotokeza. Filamu iliyotokana na safari hiyo ilitangazwa kwa jina la visiwa vya walao watu, na watazamaji wakafurika. Miaka miwili baadaye walirudi Malekula na mtambo wa sinema, wakatundika kitambaa cheupe na kuwaonyesha Nagapate na watu wake picha zao wenyewe. Ni nadra sana wapigapicha wa zama hizo kuwarudishia waliopigwa picha walichochukua kwao, na Johnson anastahili sifa kwa hilo, hata kama lengo lake lilikuwa kupata filamu nyingine.

Mtu aliyemwelekeza Afrika ni Carl Akeley wa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la Marekani, lililoko New York. Akeley alikuwa bingwa wa kukausha wanyama kwa ajili ya maonyesho, na ndiye aliyebuni kamera ya sinema ya mviringo iliyoweza kumfuata mnyama anayekimbia bila picha kuyumba. Aliamini kwamba bunduki na mashamba ya walowezi yangewamaliza wanyama wa Afrika katika kizazi kimoja au viwili. Alitaka mtu wa kuwaweka kwenye filamu kabla hawajatoweka. Johnson, ambaye wakati huo alikuwa ametoka kupiga picha Borneo, alikubali.

Johnson na mkewe walishuka Mombasa mwaka wa 1921, wakapanda gari la moshi hadi Nairobi. Hata babake Martin, yule sonara wa Independence, alijiunga nao. Kenya ilikuwa imetangazwa koloni mwaka mmoja tu uliotangulia. Nairobi ilikuwa mji wa mabati na vumbi, na wawindaji matajiri kutoka Ulaya na Marekani walikodi wapagazi kwa makumi kwenda kuua simba na ndovu. Johnson aligundua upesi kwamba kumpiga mnyama picha ni kazi ngumu kuliko kumpiga risasi. Mwindaji angeweza kufyatua akiwa mbali kisha akaondoka. Mpigapicha alilazimika kusogea karibu, upepo ukiwa upande wake na jua likiwa mgongoni, kisha aanze kuzungusha mkono wa kamera kwa mwendo mmoja hata kama kifaru anamjia. Filamu zake nyingi za mwanzo zilikuwa hasara tupu.

Aliyewaelekeza Marsabit ni Blayney Percival, aliyekuwa msimamizi wa wanyamapori wa koloni. Aliwaeleza habari za ziwa lililojificha msituni kaskazini, ambako ndovu walikuwa hawajasumbuliwa sana na bunduki. Walifika huko mwaka wa 1922 baada ya kuvuka nyanda kavu za kaskazini. Katika maandishi yao wanasimulia kana kwamba waligundua mahali pasipojulikana. Ukweli ni kwamba serikali ya kikoloni tayari ilikuwa na kituo mlimani humo, na Warendille, Waborana, Wagabra na Wasamburu walikuwa wakiyajua maji ya Marsabit tangu enzi za mababu zao. Kilichokuwa kigeni hapo ni kamera tu.

Filamu ya safari hiyo ilitoka mwaka wa 1923 na kuwafungulia milango ya matajiri. Makumbusho ya New York iliwaunga mkono, na George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, akatia fedha zake katika msafara mpya. Mwaka wa 1924 Johnson na Osa walirudi Marsabit, safari hii wakikusudia kukaa kwa miaka kadhaa. Walibeba magari, mahema, kamera nyingi, bunduki, dawa, mbegu za mboga na shehena ya filamu. Pale mlimani wakajenga.

Kazi ya kusafisha filamu nyikani ilikuwa na mashaka ambayo mpigapicha wa leo, mwenye kamera ya simu mfukoni, hawezi kuyawazia. Filamu ilipakwa ute ulioshika picha, na ute huo ulilainika na kumomonyoka maji yakiwa ya vuguvugu. Kwa hivyo kazi ilifanywa usiku, wakati ubaridi wa mlima umeingia, kwa maji yaliyotekwa ziwani na kuchujwa ili chembe za mchanga zisikwaruze picha. Kosa dogo lilitosha kufuta jasho la wiki nzima la kuvizia. Johnson alikuwa na subira ya ajabu katika jambo hilo. Aliweza kuketi siku nyingi ndani ya kibanda cha matawi kando ya kisima, akingojea kundi moja la pundamilia lishuke kunywa, na lisiposhuka akarudi kesho yake.

Ili kuwanasa wanyama wa usiku alitega nyaya kando ya mizoga na visima. Simba alipougusa uzi, unga wa kumulika ulilipuka na kamera ikafunguka. Mnyama alijipiga picha mwenyewe. Mbinu hiyo haikubuniwa na Johnson. Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa ameitumia katika ardhi ambayo leo ni Tanzania zaidi ya miaka 15 kabla yake, na kitabu chake cha picha za usiku kilichotoka mwaka wa 1905 kiliwashangaza watu wa Ulaya. Alichoongeza Johnson ni wingi, ustadi na kipaji cha kuziuza picha hizo.

Mkewe naye hakuwa pambo la msafara. Osa alisimamia jikoni na shamba, akavua samaki, akaendesha gari, na juu ya yote akasimama kando ya mumewe na bunduki wakati yeye amefumba jicho moja nyuma ya kamera. Maisha ya Martin yalitegemea shabaha ya mwanamke huyo. Hata hivyo ulinzi huo ulikuwa na gharama yake. Mnyama alisogelewa mpaka akakasirika, na alipokasirika akavamia, na alipovamia akauawa, kisha kifo chake kikawa kilele cha filamu. Pundamilia nao walipigwa risasi ili wawe chambo cha simba. Kwa watu waliotangaza kwamba wamekuja kuwahifadhi wanyama kwenye picha, mizoga ilikuwa mingi.

Kisha kulikuwa na Waafrika walioibeba kazi hiyo yote mabegani. Wapagazi, wapishi, madereva, watunza kambi na wafuata nyayo waliomfikisha Johnson kwa kila mnyama aliyempiga picha walikuwa makumi kwa makumi. Anayekumbukwa zaidi kwa jina ni mfuata nyayo ambaye Johnson aliliandika jina lake Boculy. Mzee huyo aliwajua ndovu wa Marsabit kiasi kwamba aliweza kutazama tawi lililovunjika akaeleza ni mnyama gani aliyepita na lini. Johnson alikiri katika vitabu vyake kwamba bila ya mtu huyo asingepata kitu. Lakini katika filamu zake, Mwafrika aghalabu alikuwa kichekesho au umati wa nyuma ya picha. Ikumbukwe pia kwamba ni katika miaka hiyo ambapo mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kutembea na kipande shingoni, huku mgeni mwenye kamera akipewa ruhusa ya kujenga makao anapopenda.

Mwaka wa 1926 Eastman mwenyewe alikuja Kenya kuona fedha zake zilikokwenda, pamoja na Akeley na mfadhili mwingine, Daniel Pomeroy. Tajiri huyo mzee alifurahia kupika mwenyewe kambini. Akeley, aliyekuwa amedhoofika, aliendelea hadi Congo, akafariki Novemba 17, 1926, kwenye mteremko wa Mlima Mikeno, katika eneo la sokwe alilokuwa amepigania lihifadhiwe. Mtu aliyemfungulia Johnson njia ya Afrika hakuiona filamu kubwa kuliko zote alizozipata mwanafunzi wake.

Filamu hiyo, Simba, ilitoka mwaka wa 1928. Ndani yake mna picha za ndovu, twiga, vifaru na simba ambazo hazikuwahi kuonekana kabla ya hapo, na nyingine bado zinatazamika kwa mshangao. Kilele chake ni wapiganaji wa jamii iliyoitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapa Wakipsigis, wakimzingira simba kwa mikuki. Lakini matukio ya siku na mahali tofauti yaliunganishwa yaonekane kama kisa kimoja, na maandishi yaliyowekwa kati ya picha yaliwadhihaki Waafrika ili kuwachekesha watazamaji wa New York. Makumbusho ilikuwa imeahidiwa kumbukumbu ya kisayansi. Wenye kumbi walitaka hatari na vicheko. Johnson alijaribu kuwatumikia mabwana wawili, na kila mara aliyelipa tikiti ndiye aliyeshinda.

Mwaka huohuo vijana watatu wa Skauti kutoka Marekani walikaribishwa na Johnson na mkewe kwa safari ya kuwapiga picha simba, na kitabu chao kikasomwa sana kwao. Mmoja wao, Douglas Oliver, alikuja kuwa mtaalamu mkubwa wa tamaduni za visiwa vya Pasifiki.

Kati ya 1929 na 1931 Johnson alikuwa Congo, safari hii na mitambo ya kunasa sauti. Filamu yake Congorilla ya mwaka wa 1932 ilitangazwa kuwa ya kwanza yenye sauti zilizorekodiwa Afrika kwenyewe. Hapo ndipo sifa yake inapotiwa doa kubwa zaidi. Wambuti wa msitu wa Ituri, watu wenye maarifa ya msitu yasiyo kifani, wanaonyeshwa wakipewa sigara na mapulizo na kuchezeshwa muziki wa jazi, ili umati ucheke. Sokwe wawili wachanga walikamatwa na kupelekwa katika bustani ya wanyama ya San Diego, wakaitwa Mbongo na Ngagi. Walidhaniwa ni dume na jike. Ikabainika baadaye kuwa wote ni madume. Walikufa humo, mmoja mwaka wa 1942 na mwingine 1944.

Kwa haki, Johnson alikuwa afadhali kuliko wengi wa wakati wake. Mwaka wa 1930 ilizuka filamu iliyoitwa Ingagi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya sokwe, iliyodai kuonyesha mambo ya aibu ya Congo ilhali sehemu zake kuu zilitengenezwa California na watu waliovaa ngozi za sokwe. Johnson hakushuka kiwango hicho. Wanyama wake walikuwa wanyama kweli, na alikaa nao kwa miaka.

Safari yao ya mwisho barani humu ilikuwa ya angani. Johnson na Osa walijifunza urubani, wakanunua ndege mbili za Sikorsky zenye uwezo wa kutua majini na nchi kavu. Moja ilipakwa madoa ya twiga, ya pili milia ya pundamilia. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, na kutoka huko zikaruka hadi Nairobi mwaka wa 1933. Kwa takriban mwaka mmoja ndege hizo za ajabu zilionekana juu ya Mlima Kenya, Kilimanjaro, nyanda za Serengeti na Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana. Walitua ziwani humo na kupiga picha za Waturkana na mamba wa kisiwani. Juu ya Kilimanjaro walikuwa wametanguliwa na Mswisi Walter Mittelholzer mnamo 1930, ila hakuna aliyekuwa amewapiga picha za sinema kutoka juu makundi makubwa ya ndovu na nyumbu kwa kiwango chao. Filamu hiyo, Baboona, ilitoka mwaka wa 1935.

Picha hizo za angani pengine ndizo urithi wake wenye thamani kubwa zaidi kwa watu wa Kenya na Tanzania. Kutoka juu hapakuwa na nafasi ya kumdhihaki mtu wala kumchokoza mnyama. Kilichobaki ni nchi ilivyokuwa: mito, misitu na mifugo pori mingi, kabla ya barabara na ua za nyaya.

Kifo kilimkuta Johnson nyumbani kwao, wala hakikuwa cha simba au ndovu. Mnamo Januari 12, 1937, alipokuwa katika ziara ya mihadhara baada ya safari nyingine ya Borneo, ndege ya abiria aliyopanda pamoja na Osa iligonga mlima karibu na Newhall, California. Martin alifariki siku iliyofuata akiwa na umri wa miaka 52. Osa alivunjika mifupa, akaendelea na mihadhara akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Mwaka huohuo alirudi Kenya bila mumewe, safari hii kama mshauri wa kampuni ya Hollywood iliyokuwa ikitayarisha filamu kuhusu Stanley na Livingstone. Kitabu chake cha mwaka wa 1940 kuhusu maisha yao, I Married Adventure, kiliongoza kwa mauzo nchini Marekani. Osa aliaga dunia mjini New York mnamo Januari 7, 1953.

Huko Marsabit msitu uliyameza maisha yao na kuendelea na yake. Miaka ya baadaye mlima huo ulipata umaarufu kwa sababu ya ndovu Ahmed, aliyewekewa ulinzi maalumu kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka wa 1970 hadi alipokufa 1974. Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka wa 1977, na wageni waendao Lake Paradise leo, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Marsabit, hubeba kamera pekee.

Filamu, picha na vifaa vya Johnson vilivyosalia viliwekwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1961 kwa juhudi za mamake Osa. Liko Chanute, ule mji mdogo wa Kansas ambako Martin alipita akiwa kijana, kabla ya Snark na kabla ya Afrika, akitafuta watu wa kuwapiga picha za bei rahisi.